Ingia Tu, Haumi

“Ingia tu fundi, haumi.”

Nilisema hivyo nikiwa barazani, kikombe cha chai mkononi. Chai haijapoa, fundi bomba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, suruali kaipandisha hadi gotini, na kwenye shavu la mguu matundu matatu yanavuja damu. Simba alishakimbilia uvunguni mwa gari. Nilipoinama kumtazama nilimkuta kajikunyata, mkia kaufyata, anatetemeka mwili mzima.

Huko kutetemeka ndiko kulikonishangaza. Kwa miaka miwili nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba nina mbwa mkali. Kumbe nilikuwa na mbwa mwoga aliyepewa jina la mnyama asiyeogopa. Simba aliogopa ndoo, mwamvuli, mtu aliyevaa kofia na mtu aliyebeba kitu begani. Fundi alikuja na kofia kichwani na bomba refu begani, akapita katikati ya mbwa na kona yake ya kujifichia, kisha akageuka kumtafuta wa kumwonyesha mahali penye tatizo. Mbwa mwoga humuuma mtu akishampa mgongo.

Kuanzia siku ile nilianza kujifunza, kwa kusoma, kwa kuwasumbua madaktari wa mifugo, na zaidi kwa kukosea. Yaliyonifaa ndiyo haya.

Ukali unaotengenezwa uani

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utaona geti baada ya geti limeandikwa “Mbwa Mkali”. Nairobi wanaandika “Mbwa Kali”. Sarufi yenyewe imefungiwa nje. Kibao hicho husomwa kama maelezo ya kabila la mbwa aliyemo ndani, kana kwamba alizaliwa hivyo. Wapo kweli waliozaliwa na damu moto, lakini wengi tunawatengeneza wenyewe, na kiwanda ni uani.

Itazame siku ya mbwa wetu wa kawaida wa mjini. Asubuhi anafungwa mnyororo wa mita mbili karibu na geti. Watoto wa shule wanapita wakiburuza fimbo kwenye nondo. Bodaboda inapiga honi. Muuza samaki anaita. Kila mmoja akibwekewa anakwenda zake. Alikuwa mpita njia tu, ila mbwa halijui hilo. Anachojua ni kwamba alibweka na adui akaondoka. Kazi imelipa. Kesho atabweka kwa nguvu zaidi, na kila siku ana ushindi kama huo mara nyingi asizoweza mtu kuhesabu. Kisha siku moja geti linafunguka na mtu, badala ya kupita, anaingia.

Mnyororo nao una kosa lake. Mnyama akiogopa ana njia mbili: kukimbia au kupigana. Ukimfunga umeiondoa ya kwanza. Mbwa aliyefungwa ambaye watu wanamsogelea kila siku hujifunza haraka kwamba meno peke yake ndiyo yanayoongeza nafasi kati yake na wao.

Najua jibu la mwenye nyumba: mbwa nimemfuga anilindie. Vizuri, lakini kazi ya mbwa wa nyumbani ni kuamsha watu. Mwizi anaiogopa taa itakayowaka baada ya kelele kuliko anavyoyaogopa meno, kwa sababu meno yana dawa yake: kipande cha nyama chenye sumu, ambacho mbwa aliyeshinda na njaa atakimeza bila kutafuna. Mbwa wa polisi anayekamata mtu amefundishwa miezi mingi, na katika mafunzo hayo kuachia kwa amri ni somo kubwa kama kukamata. Wa kwangu na wako hawajasoma darasa hilo. Mbwa anayemng'ata kila anayeingia atamkosa mwizi na kumpata shangazi.

Anasema kabla ya kuuma

Nilizoea kusema kwamba Simba alimng'ata fundi “ghafla tu”. Si kweli. Alikuwa amesema kwa miezi, ila mimi sikuwa najua lugha yake.

Daktari wa mifugo wa Uingereza, Kendal Shepherd, aliipanga lugha hiyo kama ngazi. Kwenye vidato vya chini mbwa hupepesa macho, hupiga miayo bila usingizi, hujilamba pua ilhali hakuna chakula. Kidato kinachofuata hugeuza kichwa, kisha mwili. Huondoka akiweza. Asipoweza hunywea, masikio nyuma, mkia katikati ya miguu. Wengine hulala chali, nasi tunadhani anataka kukunwa tumbo. Halafu ndipo mwili unakakamaa na jicho linaganda, unaona hadi weupe wake pembeni. Kunguruma kuko juu ya hapo. Kisha anauma hewa. Mwisho, nyama.

Kukakamaa ndiko kunakostahili kuogopwa kuliko kelele. Mbwa anayebweka huku akirukaruka bado anajadiliana. Mbwa aliyekuwa anahema ulimi nje kisha akafunga mdomo na kuganda kama sanamu amemaliza mjadala. Hapo sogea pembeni taratibu, usimtumbulie macho, usipige kelele. Na wala usidanganywe na mkia. Mkia unaotikisika pamoja na kiuno kizima ni furaha. Mkia uliosimama wima ukitikisika kidogo na kwa haraka, mwili ukiwa mgumu, ni onyo.

Hapa ndipo penye kosa nililolirudia mara nyingi kuliko yote. Simba alipomngurumia mgeni nilimpiga kofi au kandambili, akanyamaza, nami nikajiona nimefundisha. Nilichofundisha ni kwamba kunguruma kuna adhabu. Woga ulibaki palepale. Nilichokifuta ni kidato kimoja cha ngazi. Mbwa aliyepigwa vya kutosha kwa kunguruma huruka kutoka kimya hadi kwenye meno, na watu husema kama nilivyosema mimi, “ghafla tu”. Akikungurumia, mshukuru moyoni. Mwondolee kinachomtisha, au mwondoe yeye, halafu ukae chini ujiulize ni nini kilichomfikisha hapo.

Wapo watakaokwambia umwonyeshe nani bwana: umbane chini, umlaze chali, ule wewe kwanza. Hadithi hiyo ilikuzwa na utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, uliofanywa kwa mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Mmarekani David Mech aliisambaza katika kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye akaenda kuwatazama mbwamwitu porini, kaskazini kabisa mwa Kanada, akakuta kundi ni baba, mama na watoto wao, hakuna vita vya ubwana. Na mwaka 1999 akaandika kuikanusha dhana aliyoieneza mwenyewe. Huku kwetu dhana bado inadunda. Mbwa mwoga unayembana chini anajifunza kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Kabla ya mafunzo, daktari

Mbwa aliyekuwa mpole na akabadilika ndani ya wiki chache hahitaji mafunzo, anahitaji daktari wa mifugo. Sikio lenye usaha, jino lililooza, nyonga inayouma, kupe waliojazana kwapani: vyote humfanya mnyama asitake kuguswa. Simba alikutwa na maambukizi kwenye sikio la kushoto. Ndiyo maana alikuwa hataki kushikwa ukanda wa shingoni, nami nilikuwa nikimwita jeuri.

Mabadiliko ya ghafla yana maana nyingine, nzito zaidi. Mbwa aliyebadilika sauti, anayechuruzika mate, anayeshindwa kumeza, anayeuma vitu ovyo au ambaye taya na miguu ya nyuma vinalegea, achwe alipo, afungiwe bila kushikwa kwa mkono, na daktari wa mifugo aitwe. Huenda ni kichaa cha mbwa.

Watu huniuliza kuhusu kuhasi. Kuna faida: dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura kutafuta majike na kugombana na madume wenzake. Lakini si dawa ya woga. Kama mbwa wako anawauma wageni kwa kuwaogopa, atarudi kutoka kwa daktari na woga wake uleule.

Daftari la shilingi chache

Nilinunua daftari la shule nikaandika kila tukio kwa wiki mbili: nani, wapi, umbali gani, saa ngapi, na nini kilitangulia. Hilo la mwisho ndilo lililonifunulia mambo. Siku ya fundi, kwa mfano, usiku wake kulikuwa na muziki wa harusi hadi alfajiri. Asubuhi lori lilimwaga kokoto kwa jirani. Saa nne watoto waligonga geti. Kisha fundi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Simba kilikuwa kimejaa hadi ukingoni kabla ya mguu wa fundi kuvuka kizingiti. Siku nyingine, katulia, labda angebweka tu.

Baada ya siku chache za mshtuko wa namna hiyo, mpumzishe mbwa. Usilete wageni, usijaribu mafunzo, mwache alale mahali penye kivuli na kimya.

Daftari pia lilinionyesha umbali. Mtu mwenye kofia akiwa hatua 40 kutoka getini, Simba alimtazama na kuendelea na shughuli zake. Hatua 25, alikakamaa. Hatua 15, alilipuka. Namba hizo tatu ndizo msingi wa kazi yote iliyofuata.

Kwanza badilisha ua

Nilianza na mafundi wa chuma, si na mbwa. Geti langu lilikuwa la nondo. Nikapigilia bati sehemu ya chini hadi usawa wa kifua. Asichokiona hakibwekei sana. Kelele zilipungua wiki hiyohiyo, na majirani wakaniuliza kama mbwa amekufa.

Banda likahamishwa kutoka getini kwenda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mwembe, na kuzungushiwa wavu wa chuma wenye mlango na kufuli. Eneo la kama mita tatu kwa tano linatosha mbwa kutembea, kunywa maji na kulala bila mnyororo. Asiye na uwezo wa wavu atandaze waya imara kati ya nguzo mbili, kamba ya mbwa iteleze juu yake kwa pete, mbali na njia ya wageni na mbali na ukuta anaoweza kuuruka akajinyonga. Si suluhisho la kudumu, lakini linampa mbwa nafasi ya kuondoka, na mbwa anayeweza kuondoka haumi ovyo.

Kibao pia nilikibadilisha. “Mbwa Mkali” hakimwambii mgeni afanye nini. Sasa kimeandikwa: “Piga kengele. Subiri mbwa afungiwe.” Na nyumbani tuna sheria moja isiyo na mjadala: geti halifunguliwi mpaka mlango wa banda umefungwa na aliyeufunga ametamka kwa sauti, “Amefungiwa.” Mfanyakazi mpya hufundishwa hilo kabla ya kuonyeshwa jikoni.

Matembezi yalifuata. Alfajiri, kabla watu hawajajaa njiani, dakika 30 za kunusanusa kwenye kamba. Mbwa aliyetembea na kunusa dunia hurudi kalegea. Mwanzo nilikuwa namtembeza jioni, kwa sababu ndiyo saa yangu ya kujinyoosha, na kila siku tulikutana na watu 200. Nilikuwa namjaza kibaba kwa mkono wangu mwenyewe.

Kofia na firigisi

Mrusi Ivan Pavlov alionyesha, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba mbwa hutokwa mate kwa ishara inayotangulia chakula, hata kama ishara yenyewe haina utamu wowote. Unachotaka ni mtu mwenye kofia awe ishara ya namna hiyo. Humwambii mbwa asiogope. Unabadilisha kile ambacho jambo lile linamletea.

Nilichemsha firigisi za kuku bila chumvi, nikazikata vipande vidogo kama punje za maharage. Mpwa wangu alivaa kofia akasimama barabarani hatua 40 kutoka getini. Mimi nilikaa na Simba ndani, geti wazi, kamba mkononi na ncha yake imefungwa kwenye nguzo kwa usalama. Mpwa anatokea kwenye kona: Simba anamwona, nami natoa firigisi, moja, nyingine, nyingine, mfululizo. Mpwa anarudi nyuma ya kona: firigisi zinakoma, mikono yangu inakaa kimya. Anatokea tena, zinaanza tena. Dakika tano, sita, basi. Mara nne au tano kwa wiki.

Mpangilio ndio roho ya kazi. Mtu atokee kwanza, chakula kifuate. Ukianza kutoa firigisi kisha mtu akajitokeza, utamfundisha mbwa kwamba firigisi ni dalili ya balaa, na ataanza kuitilia shaka hata firigisi. Nililifanya kosa hilo siku tatu za mwanzo.

Kipimo chako ni kinywa chake. Mbwa anayepokea chakula kwa utulivu yuko mahali salama. Anayekinyakua kwa pupa hadi kukuparuza vidole ameanza kujaa. Anayekikataa, macho yamegandia kwa mtu, umeshamvusha. Rudi nyuma hatua kumi. Siku ya tisa Simba alipomwona mpwa alinigeukia mimi, kana kwamba anauliza, “Iko wapi?” Hiyo ndiyo ishara unayoisubiri. Hapo, na si kabla, mtu asogee, na asogee hatua tatu au nne tu.

Sikuwa na subira hiyo. Wiki ya tatu nilimvuta mpwa kutoka hatua 30 hadi 10 kwa siku moja, kwa sababu Jumamosi nilikuwa na wageni. Simba alilipuka, akaikata kamba ya manila iliyokuwa imechakaa, na kilichotuokoa ni geti ambalo mpwa alilivuta kwa nje. Tulirudi hatua 35 tukaanza upya. Ilichukua miezi minne kufika mahali ambapo mwanamume mwenye kofia anaweza kusimama ndani ya ua, mbwa akiwa kwenye kamba mpya, wote wawili wakapumua.

Shauri moja linalotolewa sana silipendi: mgeni ampe mbwa chakula kwa mkono wake. Mbwa mwoga mwenye tamaa ataifuata nyama hadi kwenye mkono, ataimeza, kisha atazinduka kujikuta karibu na mtu anayemwogopa, na nyama imekwisha. Hapo meno hutoka. Chakula kitoke kwako, mgeni kazi yake ni kuwepo tu.

Bakuli na mfupa

Mbwa anayelinda chakula ana tatizo tofauti, ingawa mzizi ni uleule: anaogopa kunyang'anywa. Tiba ya mtaani ni kumnyang'anya bakuli mara kwa mara “azoee”. Hebu nawe uletewe pilau, na kila ukipeleka tonge mdomoni mtu avute sahani. Utazoea?

Fanya kinyume. Anapokula kwa amani, pita mbali, utupe kipande cha nyama kizuri kuliko kilichomo bakulini, endelea na safari yako. Kwa siku nyingi. Baada ya muda hatua zako zinamletea nyongeza, naye anainua kichwa kwa matumaini. Ukihitaji kumtoa kitu kinywani, nunua kwa kubadilishana. Na mtoto yeyote asimsogelee mbwa anayekula, hata wa nyumba hiyohiyo, hata aliye mpole.

Kitenga cha mdomoni

Watu wanakiona kama aibu, kwangu ni sawa na mkanda wa gari. Chagua kile kilichosukwa kama kitenga, cha waya au plastiki, chenye nafasi ya mbwa kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Vile vya kitambaa vinavyoubana mdomo ukafumba ni vya dakika chache mezani kwa daktari. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwa joto la pwani kumfumba mdomo akitembea juani kunaweza kumwua.

Usimvishe kwa nguvu. Paka siagi ya karanga ndani, umwache aingize pua mwenyewe, atoke. Siku kadhaa. Kisha shika mikanda bila kufunga, kisha funga kwa sekunde mbili. Sisi ilituchukua wiki mbili, na sasa nikikishika anakuja mbio kukivaa.

Mtoto asikimbie

Katika mitaa yetu watoto wengi hawajakulia na mbwa. Kwa majirani zangu wengi Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na mtoto amefundishwa kukaa mbali. Hilo ni haki yake, na mwenye mbwa ndiye wa kupisha njia. Shida ni kukimbia. Kinachokimbia huamsha kwa mbwa hamu ya kufukuza ambayo hata mbwa mpole anayo. Mfundishe mtoto kusimama kama mti: miguu pamoja, mikono imeshuka mbele na kushikana, macho ardhini, kimya, mpaka mbwa achoke aondoke. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, mikono ikifunika shingo na masikio. Wangu walijifunza kwa mchezo, mmoja mbwa na wengine miti, jioni mbili tu.

Meno yakishaingia

Siku ile nilimpeleka fundi bombani, tukaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa kutazama saa. Si mafuta ya taa, si tumbaku, si pilipili. Kisha hospitali saa ileile, ambako alianzishiwa sindano, na ratiba yake aliimaliza yote, gharama juu yangu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba ya kutegemewa, bali kabla ya dalili kinazuilika. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo mtoto akisema “kanikwaruza tu”, mwoshe na mpeleke.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungiwe salama siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi katika mate siku alipouma. Simba alibaki mzima. Kadi yake ya chanjo, hata hivyo, ilikuwa imepitwa na wakati kwa miezi mitano, nami sikulala vizuri usiku hata mmoja kati ya hizo kumi.

Pima pia jeraha lenyewe. Daktari wa mifugo Mwingereza Ian Dunbar aliweka viwango sita, kutoka meno yasiyogusa ngozi hadi kifo. Matundu machache yasiyo na kina, kutoka ung'ato mmoja, ni kiwango cha tatu: mbwa bado anajizuia, na kazi inawezekana. Anayezamisha meno na kutikisa kichwa, au anayeuma mara nyingi bila kuachia, yuko juu ya hapo, na hakuna firigisi zitakazomfanya awe salama kwenye nyumba yenye watoto. Kumpa mtu mwingine bila kumwambia ukweli ni kumhamishia jirani jeraha. Wakati mwingine sindano ya mwisho ya daktari, ikiwa imetolewa kwa heshima na wewe ukiwepo, ni uamuzi wa mtu anayempenda mbwa wake. Sikuufikia, ila niliutazama usoni.

Kwa anayechukua mtoto wa mbwa leo

Samaki mkunje angali mbichi, na ubichi wa mbwa ni mfupi kuliko tunavyodhani. Wamarekani John Paul Scott na John Fuller, waliochapisha matokeo ya miaka mingi ya utafiti mwaka 1965, walionyesha kwamba mbwa huamua nini ni cha kawaida duniani kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi. Simba niliuziwa akiwa na wiki tano, akakaa uani peke yake hadi miezi sita. Kila kitu ambacho hakukiona humo kikawa jini.

Mwache kwa mama yake hadi wiki ya nane, ajifunze kutoka kwa ndugu zake kwamba kuuma kwa nguvu humaliza mchezo. Kisha mbebe. Chanjo hazijakamilika, kwa hiyo asitembee mahali wanapopita mbwa wengine, lakini mikononi mwako anaweza kwenda dukani, akaona kanzu, kofia, mwamvuli, mkokoteni, bodaboda, mama aliyebeba ndoo kichwani, huku anatafuna kitu kitamu. Chanjo ya kichaa apewe akifikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kama daktari atakavyopanga.

Mwezi uliopita bomba lilipasuka tena, nikampigia fundi yuleyule. Alikuja, akapiga kengele, akakisoma kibao, akasimama nje. Nilifungua geti nikamwambia amefungiwa nyuma, aingie tu.

Hakusogea. “Mama,” akasema, “nionyeshe kufuli kwanza.”

Nikampeleka nyuma ya nyumba. Simba alibweka mara mbili akarudi kulala. Fundi alilishika kufuli, akalivuta mara tatu, ndipo akaenda kuchukua vifaa vyake.